Woga wa kuwa mbele ya batu: na wenyewe unapimwa

Hapa Likasi jiwe linapimwa: kilo ngapi, shaba kiasi gani ndani. Lakini muntu anayetetemeka kila anapoitwa kusema mbele ya wenzake, nani anamupima? Tunasema tu: «Eko na haya», ao «eko na kiburi».

Kipimo kiko. Mwaka 1987 munganga wa Marekani, Michael Liebowitz, alikitoa. Kinataja mambo 24 ya kila siku: kula mbele ya batu, kuongea na mukubwa, kufanya kazi wengine wakikuangalia, kusema mu mukutano. Kwa kila jambo unajibu mara mbili: unaogopa kiasi gani, 0 mpaka 3; unalikwepa mara ngapi, 0 mpaka 3. Jumla ya juu kabisa ni 144.

Jibu la pili njo letu sisi wa nyumbani. Woga uko mu roho, hatuuone; kukwepa tunakuona. Baba anakataa kuwa shefu wa ekipe, mushahara unabaki palepale, sababu kila asubui angepaswa kuongea mbele ya wenzake. Mama haende ku matanga. Mwengine anakunywa kwanza, njo aweze kusalimia batu.

Namba peke yake haiseme muntu ni mugonjwa. Munganga anauliza pia woga umedumu muda gani na umeharibu nini. Lakini inaonyesha pa kuanzia, na woga huu unatibiwa: kwa mazungumuzo, kwa kuzoea kidogo kidogo, pengine na dawa. Tusimucheke. Tumuulize polepole: «Papa, ni wapi unaogopa kwenda?» Kisha tumusindikize kwa munganga.