Shaba ya Katanga, gego la Kasenga

Ukifungua kichwa cha mtambo wa eksirei wa meno, ule unaoning'inia kwenye mkono mrefu kando ya kiti cha mgonjwa, utakuta tyubu isiyo na hewa, na ndani yake kipande kinene cha shaba. Kwenye uso wa shaba hiyo kimepachikwa kibati kidogo cha tangsteni. Umeme wa volti 60,000 hadi 70,000 huzirusha elektroni zikakigonga kibati hicho, na hapo ndipo mionzi inapozaliwa. Ni kazi yenye hasara kubwa: chini ya asilimia 1 ya nguvu ndiyo inayogeuka eksirei, iliyobaki yote ni joto. Tangsteni inastahimili kwa sababu haiyeyuki mpaka ifike nyuzi 3,422 za Selsiasi. Shaba nayo imewekwa pale ili ilivute joto hilo upesi.

Shaba ni mali ya Katanga. Tangsteni huchimbwa Kivu. Kobalti iliyomo katika betri nyingi za kompyuta hutoka kwa sehemu kubwa Lualaba na Haut-Katanga. Mkazi wa Kasenga, mji wa wavuvi kwenye ukingo wa Luapula, takriban kilomita 200 kutoka Lubumbashi, hana basi sababu ya kuuona mtambo huu kama kitu cha ugenini. Madini yake yanajua njia ya kwenda; mitambo ndiyo inayochelewa njia ya kurudi.

Na meno yanahitaji kuonwa ndani. Gego linaweza kuwa zima juu na bovu chini. Wengi bado husema limeingiwa na mdudu, lakini mdudu mwenyewe ni bakteria wanaokula sukari iliyobaki mdomoni na kutoa tindikali inayoyeyusha madini ya jino. Kazi hiyo hupenda kuanzia pale magego mawili yanapogusana, mahali ambapo mswaki haufiki na kioo cha daktari hakioni. Shimo likifika kwenye kiini, neva hufa, usaha hukusanyika kwenye ncha ya mzizi na kuanza kuula mfupa wa taya. Maumivu nayo ni mwongo: jino la juu linaweza kuumia chini, na mgonjwa akaapa kwa kidole kwamba ni lile, kumbe ni jirani yake. Katika vituo vingi vya afya vya vijijini barani Afrika, ambako madaktari wa meno hawafiki hata mmoja kwa watu 10,000, hapo huchukuliwa koleo. Jino hung'olewa kwa kubahatisha, na mara nyingine linalong'olewa ni lisilo na kosa.

Picha ya kwanza ya meno ilipigwa Ujerumani Januari 1896, wiki chache tu baada ya Röntgen kutangaza ugunduzi wake wa eksirei. Otto Walkhoff, daktari wa meno wa Braunschweig, alitia kioo cha picha mdomoni mwake mwenyewe na kukaa dakika 25 akimulikwa. Leo picha kama hiyo huchukua chini ya sekunde moja. Kwa miaka 90 hivi iliyofuata, hata hivyo, jambo moja halikubadilika: picha ilikuwa lazima isafishwe gizani, kwa dawa.

Hapo ndipo Kasenga ilipokuwa inashindwa. Dawa ya kusafishia filamu hufanya kazi vizuri kwenye nyuzi 20 hivi. Oktoba, kabla ya mvua, bonde la Luapula hupita nyuzi 30 mchana; kwenye joto hilo dawa hukimbia, na picha hutoka nyeusi mno kusomeka. Yanahitajika maji safi ya kutosha, chumba cha giza, na kopo jipya la dawa kila la zamani likichoka. Halafu kuna maji machafu yake. Dawa ya pili, ile ya kuigandisha picha, huondoka na fedha iliyokuwa kwenye filamu, na fedha iliyoyeyuka ni sumu kwa viumbe wa majini. Kuimwaga kwenye mtaro unaoelekea Luapula, mto ambao samaki wake waliwalisha wafanyakazi wa migodi tangu zama Lubumbashi ilipoitwa Élisabethville, ni jambo ambalo hakuna mtu mwenye akili angelipendekeza.

Mwaka 1987 kampuni ya Kifaransa ya Trophy ilileta sokoni chombo kilichobuniwa na Francis Mouyen: kibao kidogo kinachoingia mdomoni badala ya filamu. Ndani ya kibao hicho, ambacho leo kila mtu hukiita sensa, kuna tabaka linalometa likipigwa na eksirei. Chini ya tabaka kuna chembe nyingi za silikoni zinazogeuza mmeto huo kuwa chaji ya umeme, kila chembe kwa kadiri ya mwanga ilioupata. Kompyuta inazihesabu chaji na kuchora: mfupa mweupe, usaha mweusi. Sekunde chache, bila maji, bila giza, bila dawa. Mionzi inayohitajika ni pungufu sana kuliko ya filamu za zamani, na paneli ya jua yenye betri nzuri inatosha kuendesha kompyuta na mtambo mdogo. Teknolojia hii ilienea kwanza katika miji tajiri, lakini anayeihitaji zaidi ni mtu aliye mbali na duka la dawa za filamu.

Kuna hofu, na Katanga hofu ya mionzi ina historia. Shinkolobwe, karibu na Likasi, ilitoa radiumu kwa hospitali za dunia tangu miaka ya 1920, kisha urani iliyoingia kwenye bomu la Hiroshima mwaka 1945. Lakini vitu hivi viwili visichanganywe. Jiwe la urani hutoa mionzi usiku na mchana, na hakuna swichi ya kulizima. Tyubu ya eksirei ikikatiwa umeme haitoi chochote, na hakuna kinachobaki mwilini mwa mgonjwa wala chumbani. Picha moja ndogo ya jino hutoa kama milisiveti 0.005 au pungufu, wakati ardhi, anga na chakula humpa mtu wa kawaida duniani milisiveti 2.4 kwa mwaka. Yaani picha moja ni sawa na kuishi siku moja tu. Mama mjamzito mwenye jipu la jino asinyimwe picha anayoihitaji. Usaha una hatari kubwa kwake kuliko picha hiyo.

Anayestahili kuogopa kidogo ni mpiga picha, hasa akinunua mtambo wa kushika mkononi bila kuuchunguza. Mwaka 2012 mamlaka za Marekani na Uingereza zilionya juu ya mitambo ya aina hiyo iliyouzwa mtandaoni kwa bei ya kutupa, isiyo na kinga ya kutosha kwa anayeishika. Bei rahisi ya namna hiyo hulipwa na vidole. Edmund Kells wa New Orleans, mmoja wa waanzilishi wa eksirei za meno Marekani, alianza kupoteza vidole, kisha mkono, kwa kumulikwa na mionzi hiyo.

Sensa nayo ina kasoro zake. Ni ngumu, wagonjwa wengi huitema, kwa hiyo picha hurudiwa. Waya wake hukatika, na bei yake ni dola elfu kadhaa. Picha yenyewe ni kivuli bapa. Mizizi miwili ya gego moja huangukiana, na daktari mzuri hupiga tena akiwa amesogeza mtambo pembeni kidogo. Ndivyo mtu aliye kwenye mtumbwi anavyoona matete ya karibu yakimpita mbio na vilima vya mbali vikitulia: kinachosogea na kisichosogea humwambia kipi kiko mbele. Shimo changa nalo halionekani kabisa mpaka jino lipoteze kama asilimia 30 hadi 40 ya madini ya sehemu hiyo. Na kompyuta inaweza kuongezwa weusi na weupe mpaka jino zima lionekane bovu. Daktari anayesoma kioo tu bila kugusa jino amefanya nusu ya kazi.

Faida kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni kwamba picha husafiri kuliko mgonjwa. Muuguzi wa Kasenga anaweza kuipiga asubuhi, na bingwa aliyeko Lubumbashi akaisoma kabla ya adhuhuri na kujibu: lizibe, litibu mzizi, au ling'oe. Itumwe faili lenyewe lakini, si picha ya kioo cha kompyuta iliyopigwa kwa simu, kwa sababu WhatsApp hukamua picha na kuondoa ule ufa mwembamba uliokuwa unatafutwa.

Nawe ukipigwa picha ya jino popote pale, omba nakala ya faili hilo kwenye flashi na uitunze. Munganga atakayekutibu miaka 5 ijayo ataihitaji ili kujua kama mfupa wako umerudi nyuma au umesimama palepale.