Sisi Ngapi Zinatosha Kupanda Gwassi?

Ukiingia dukani Migori au Homa Bay kutafuta chombo cha kubebea abiria, swali la kwanza utakaloulizwa ni la sisi ngapi. Sisi (cc) ni ukubwa wa injini tu. Kinachokupandisha mlima ni kilowati, gia na uzito uliopakia. Kuna wanaolipia sisi wasizozihitaji, na kuna wanaonunua chombo cha kutosha lami ya Rongo hadi Homa Bay, kisha wakakipeleka Magunga, kwenye milima ya Gwassi, wakaanza kubadilisha klachi kabla hawajamaliza mkopo.

Anza na mwinuko. Chukua ubao wa mita moja na pima maji ya fundi mwashi, uende mahali pakali zaidi kwenye njia yako. Ncha moja iguse barabara upande wa juu. Ncha ya chini uiinue mpaka kiputo kikae katikati, kisha pima nafasi iliyobaki kati yake na barabara. Sentimita 10 maana yake ni mwinuko wa asilimia 10. Kama ni barabara ya moram, ongeza 2.5 kwa ajili ya ukinzani wa magurudumu. Kwenye lami nzuri, 1.5 inatosha.

Sasa zidisha uzito wote kwa kilo na jumla hiyo ya mwinuko, uzidishe tena na kasi unayotaka kupandia, kwa kilomita za saa, halafu ugawanye kwa 31,000. Jibu ni kilowati ambazo injini lazima itoe, pamoja na zinazopotelea kwenye gia na cheni. Upepo nimeuacha kwa sababu kwa mwendo wa mlimani athari yake ni ndogo.

Tuchukue tuktuk ya kilo 350, dereva na abiria watatu wa kilo 70 kila mmoja, na mizigo kilo 50: jumla 680. Mwinuko wa asilimia 10 kwenye moram kwa kilomita 20 kwa saa unadai kilowati 5.5. Kwa kilomita 30, zinafika 8.2. Mwinuko ukiwa asilimia 15, hata hizo kilomita 20 zinataka kilowati 7.7.

Tuktuk nyingi za petroli zina injini ya karibu sisi 200, na karatasi zake husema kilowati 7 hadi 8. Lakini hicho ni kipimo cha usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda, na maji ya Ziwa Victoria yenyewe yako mita 1,134 juu ya bahari. Kwa hiyo kilowati 7.5 za dukani ni kama 6.7 ufukweni Homa Bay, na juu ya Gwassi, penye zaidi ya mita 2,000, hazifiki 6. Mwinuko wa asilimia 10 utaupanda. Ule wa 15 utaupanda kwa gia ya kwanza, kilomita 15 kwa saa au chini yake, au abiria mmoja ashuke.

Kwa boda, Boxer ya sisi 100 hutoa kama kilowati 6, na ya 150 karibu 8.8. Pikipiki, mwendeshaji, abiria mmoja na kilo 25 za mzigo ni kama kilo 280. Kwenye asilimia 10 za moram kwa kilomita 30 zinatosha kilowati 3.4. Sheria inaruhusu abiria mmoja, na kwa abiria mmoja sisi 100 inatosha njia nyingi za Migori. Wanaobeba magunia kupanda vilima vya Kuria ndio wenye sababu ya kulipia 150. Kabla ya hapo, ulizia bei ya sproketi kubwa ya nyuma. Kutoka meno 42 hadi 45, msukumo wa gurudumu unaongezeka kwa asilimia 7. Utapunguza kasi kwenye tambarare, lakini gharama ni ndogo mno ukilinganisha na pikipiki mpya.

Mafuta nayo yahesabu. Kuipandisha tuktuk hiyo ya kilo 680 mita 100 kwenda juu hula takriban lita 0.12 za petroli, mbali na mafuta ya umbali wenyewe. Lita ikiwa shilingi 180, ni kama shilingi 22. Kwa umeme, kazi hiyohiyo huhitaji yuniti 0.27 hivi, yuniti ikiwa shilingi 28, ni chini ya shilingi 8. Mota ya umeme haipotezi nguvu kwa sababu ya urefu juu ya usawa wa bahari, na huanza na msukumo wake wote. Kandokando ya ziwa, Mbita ikiwemo, kampuni ya WeTu imekuwa ikitoa huduma za chaji kwa nguvu ya jua. Lakini ukibadilishiwa betri badala ya kuchaji yako, bei yake si bei ya yuniti: iulizie kando, na uulize kilowati za kudumu, maana zile za juu kabisa mota huzitoa kwa muda mfupi kabla haijapata joto.

Kwa lami na tambarare za Lambwe, nunua injini ndogo. Kwa Gwassi na Kuria, chagua chombo ambacho kilowati zake, ukishatoa asilimia 11 hadi 20, bado zinazidi hesabu yako kwa robo. Muuzaji akikataa kukuonyesha karatasi ya kilowati, nenda duka jingine.