Muuaji Mwenye Kitabu cha Simu

Mwaka 1984 Hollywood ilitoa filamu mbili za mambo ya usoni ambazo mifuko yake haikulingana hata kidogo. Dune, iliyoongozwa na David Lynch, ilitumia karibu dola milioni 40 kwa majumba ya kifalme, majangwa na umati wa askari, na mapato yake ya kumbi za Marekani hayakurudisha gharama hiyo. The Terminator iliongozwa na James Cameron, Mkanada ambaye wakati huo hakuwa na jina, kwa dola milioni 6.4, ikaingiza takriban milioni 78 duniani kote. Kisa hiki hupenda kusimuliwa kama ushindi wa kipaji dhidi ya umaskini: kijana hana kitu mkononi, lakini kwa ujanja wake anapenya. Mimi naona masimulizi hayo yameshika mambo kichwa chini. Ufukara wenyewe ndio uliompa Cameron filamu yake. Alipokosa fedha za kutuonyesha mashine kwa saa nzima, ilimbidi atuonyeshe kazi ambayo mashine imetumwa kuifanya, na hofu yote ya filamu hii imo ndani ya kazi hiyo.

Cameron na mtayarishaji wake, Gale Anne Hurd, walipikwa katika jiko moja, kampuni ya Roger Corman iliyoitwa New World Pictures, ambako filamu zilitengenezwa mbiombio na kwa vijisenti. Wazo la The Terminator lilimjia Cameron akiwa mgonjwa mjini Roma, alipoota kiwiliwili cha chuma kikijikokota kutoka motoni. Baadaye alimuuzia Hurd haki za kisa kwa dola moja tu, kwa sharti kwamba asiletwe mwongozaji mwingine. Kuanzia hapo hesabu ndizo zilizoichonga filamu. Dunia ya mwaka 2029, ambako mashine zinawasaka binadamu waliosalia, ni ghali kuijenga, basi tunaichungulia kwa vipande vifupi na kisa kinahamishiwa Los Angeles ya 1984, mji uliokuwapo tayari. Usiku unaficha mapungufu, basi karibu kila jambo linatokea usiku, na kikosi kikatafuta mitaa yenye taa kali za barabarani ili kisikodi za kwake. Picha ya mwisho, ile ya gari likienda zake jangwani, ilipigwa bila kibali.

Pengine msomaji atapinga hata kabla hatujafika mbali: hii ni filamu ya mapigano, si ya kutisha. Katika mabanda ya video ya Afrika Mashariki, Arnold Schwarzenegger alikuwa Komando, na kanda zake ziliwekwa kwa ajili ya risasi na milipuko. Lakini Commando ilikuja mwaka mmoja baadaye, na humu Schwarzenegger si stelingi, ni adui. Ukiitazama filamu hii bila kukumbuka zile zilizofuata, utaona imefuata nyayo za Halloween ya John Carpenter, iliyotengenezwa mwaka 1978 kwa kiasi cha dola 300,000 hivi: muuaji asiyesema, anayetembea bila haraka, asiyekubali kufa; wasichana wanaojiandaa kwa matembezi ya jioni bila kujua kinachowajia; na mwanamke mmoja anayebaki hai mwishoni. Carpenter alimfunika muuaji wake kinyago. Cameron alimvalisha wake ngozi ya binadamu, na awali alitaka mwigizaji wa kawaida kabisa, mtu wa kupotea katika kundi la watu. Schwarzenegger mwenyewe alikuja kuzungumzia nafasi ya Reese, askari anayemlinda Sarah Connor, mwanamke anayewindwa, ila mazungumzo yakaishia kumpa ya muuaji. Ni kweli mtu mwenye misuli ile hapotei katika kundi lolote. Hata hivyo filamu inamtumia kwa ubahili: anatamka mistari michache mno, na muda mwingi yeye ni uso tu unaogeuka polepole.

Sasa tuangalie kazi yenyewe. Kompyuta ya kivita iitwayo Skynet imemtuma muuaji huyu nyuma katika wakati ili amwue Sarah Connor kabla hajamzaa mwana atakayeongoza uasi wa binadamu. Lakini kumbukumbu nyingi zimeteketea vitani. Skynet inajua jina na mji, basi. Hapo ndipo filamu inapofanya jambo ambalo bajeti kubwa isingelifikiria: muuaji kutoka siku zijazo, chombo cha hali ya juu kuliko vyote, anaingia kwenye kibanda cha simu, anafungua kitabu cha namba za simu na kupitisha kidole kwenye orodha. Wapo akina Sarah Connor watatu. Anaanza na wa kwanza. Anabisha hodi, anauliza jina, mama wa watu anaitikia kwamba ndiye, anauawa palepale mlangoni pake. Hakuna mbio wala ugomvi. Polisi wanang'amua upesi kwamba marehemu wa pili ana jina lilelile, na kwamba mtu fulani anafuata mpangilio wa kitabu. Wanawake wale wawili hawakuwa na kosa, hawakuwa na siri, hata hawakuwa maadui wa Skynet. Walikuwa majina yaliyolingana na jina lililotafutwa. Sijui tukio jingine katika filamu za roboti lililoeleza vizuri kiasi hiki hatari ya chombo kinachotii: hakimchukii mtu, hakina shaka, na taarifa zake zikipungua hakisiti, kinapanua orodha.

Zipo alama nyingine za namna hiyo, nazo zote hazikugharimu kitu. Katika chumba cha hoteli duni, muuaji akiwa amejikarabati mkono na jicho, mfanyakazi anauliza mlangoni kuhusu harufu mbaya. Tunaona kwa macho ya mashine: majibu kadhaa yanajipanga kwenye kioo, ya adabu na ya matusi, na moja linachaguliwa. Mtazamaji wa 1984 alicheka. Wa leo, aliyezoea simu inayompendekezea majibu ya ujumbe, huenda akacheka kidogo tu. Na yale maandishi ya programu yanayopita ndani ya jicho lile jekundu ni maandishi halisi ya kompyuta ya nyumbani ya Apple II, yaliyochukuliwa kwenye gazeti la wapenzi wa kompyuta. Ubongo wa muuaji, yaani, uliokotwa kwenye meza ya magazeti.

Mifupa ya chuma, kazi ya Stan Winston na mafundi wake, haijitokezi mizima mpaka karibu na mwisho, baada ya lori la mafuta kulipuka. Wakati mwingine ni kikaragosi kinachosukumwa na watu, wakati mwingine ni sanamu ndogo iliyopigwa picha moja baada ya nyingine, na mwendo wake wa kukatika-katika unaonekana wazi. Watazamaji wengi wa sasa huliona hilo kuwa kasoro. Nami sibishi kwamba limepitwa na wakati. Lakini kufikia hapo hofu imeshakomaa, na chuma kinakuja kuthibitisha tu tuliyokwisha kuyajua kwa zaidi ya saa moja.

Lipo pingamizi zito zaidi. Watafiti wa akili mnemba wamelalamika kwa miaka mingi kwamba filamu hii imeharibu mjadala: kila gazeti likiandika habari za teknolojia yao huweka picha ya fuvu la chuma lenye macho mekundu, na umma ukabaki kuogopa majitu yatembeayo badala ya programu zinazoamua kimyakimya nani apewe mkopo au nani ashukiwe uhalifu. Lalamiko hilo ni la haki kwa bango la filamu. Kwa filamu yenyewe silikubali. Kitabu cha simu ndicho hasa wanachotaka tukiogope: orodha, jina linalofanana, amri isiyouliza. M3GAN ya mwaka 2022 iliirudia hoja hiyo kwa dola milioni 12. Fundi wa vitu vya kuchezea anaunda mwanasesere wa kumlea mpwa wake yatima, anaagiza kwamba mtoto asipatwe na dhara lolote la mwili wala la moyo, na mwanasesere anaitekeleza amri hiyo neno kwa neno, kuanzia na mbwa wa jirani. Mwili wake uliigizwa kwa sehemu kubwa na mtoto wa New Zealand, mcheza dansi Amie Donald. Filamu iliingiza kiasi cha dola milioni 180. Mwendelezo wake wa 2025 uliongezewa mapigano na vifaa, ukageuka kisa cha kijasusi, na mapato yake hayakufika hata robo ya yale ya kwanza.

Simaanishi kwamba bajeti ndogo inatosha. Mwaka 1986, Chopping Mall ilifungia vijana ndani ya jengo la maduka pamoja na roboti za ulinzi zilizoingiwa na hitilafu ya radi. Ni filamu ya kuchangamsha, ila haimtishi mtu, kwa sababu mashine zake zinaua kwa kuharibika. Kifaa kibovu huzimwa au hutengenezwa. Muuaji wa Cameron hajaharibika popote, na ndiyo maana hakuna fundi wa kumwita. Anayenikabili na Terminator 2 ya 1991 ndiye mwenye hoja ngumu, maana Cameron yuleyule alipewa takriban dola milioni 100 na akatoa filamu ambayo wengi wanaiona bora kuliko ya kwanza. Pengine ni bora. Lakini itazameni ilivyobadilika: Schwarzenegger sasa ni mlinzi wa mtoto, stelingi kamili, na adui wa zebaki anayeyeyuka na kujiunda upya anatuacha tukijiuliza wamefanyaje. Fedha zilinunua mshangao, nao ulikuwa mshangao wa hali ya juu. Tangu hapo kila mwendelezo umeongeza chuma. Dark Fate ya 2019 ilitumia karibu dola milioni 185, na walioitengeneza wakapata hasara.