SIMU ZINAPONYAMAZA: REDIO YA RIDHAA KAMA AKIBA YA MAWASILIANO WAKATI WA MAAFA



Mwezi Mei 2024 ulitufunza somo moja mara mbili. Tarehe 4 Kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu, na mvua zilizoandamana nacho ziliikata barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi katika eneo la Somanga. Kabla majuma mawili hayajapita, tarehe 12, nyaya za mawasiliano zilizolazwa chini ya bahari zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota nchini Tanzania na katika nchi jirani. Mara ya kwanza ilikatika njia ya magari; mara ya pili ikakatika njia ya habari. Yafaa tujiulize: je, zikikatika zote mbili siku moja, chama cha msingi kilicho mbali kitamwambia nani kwamba kina shida, na kitamwambia kwa njia gani?

Swali hili si la kubuni. Miaka kadhaa iliyopita, wakati wa masika, chama kimoja nilichokuwa nikikikagua kilizingirwa na maji. Mnara wa simu ulikuwa umezimika kwa kukosa mafuta ya jenereta. Katibu wa chama alimtuma kijana wa baiskeli na maneno haya: bohari limeingia maji, lakini kwanza leteni dawa, kwa kuwa watu wanaharisha. Kijana alimweleza mwenye mtumbwi, mwenye mtumbwi akamweleza mwenye duka ng'ambo ya mto, na mwenye duka akatupigia simu. Yaliyotufikia ni haya: bohari limeingia maji, leteni maturubai. Mimi mwenyewe niliandika hati ya kutoa maturubai. Dawa zilifika siku ya nne baadaye, na mtoto wa mlinzi wa bohari alikuwa amekwisha kufariki jana yake. Hakuna aliyesema uongo katika safari ile ya maneno. Wala sidai kwamba chombo fulani kingalimwokoa mtoto yule. Nasema tu kwamba hatukuwa na njia ya akiba, na hata ile njia tuliyoipata hatukuitumia kwa utaratibu.

Kwa sababu hiyo nimeona vema kuwaeleza habari za redio ya ridhaa, ambayo katika nchi nyingi imekuwa akiba ya mawasiliano wakati wa maafa.

Redio ya ridhaa ni nini?

Wengi wetu twakumbuka, au tumesimuliwa na wazee, habari za simu ya upepo iliyokuwa ikitumiwa katika misheni, katika ofisi za serikali na katika mashamba makubwa. Redio ya ridhaa ni ndugu yake. Tofauti ni kwamba anayeitumia hafanyi hivyo kwa kazi ya mshahara wala kwa biashara, bali kwa kupenda kujifunza ufundi wa redio na kuzungumza na wenzake. Neno ridhaa hapa lina maana ile ile iliyomo katika ngumi za ridhaa: mtu hufanya kwa hiari yake, bila malipo.

Lakini hiari si holela. Kanuni za kimataifa za redio zaitaka kila nchi ihakikishe kwamba mwombaji ana ujuzi wa kutosha kabla ya kumruhusu kurusha mawimbi. Nchini Tanzania leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Kila mwenye leseni hupewa alama yake ya kuitia: za Tanzania huanza na 5H, za Kenya 5Z, na za Uganda 5X. Alama hiyo ni kama namba ya chama katika daftari la Mrajis; yeyote aisikiaye hewani aweza kujua anayesema ametoka nchi gani, na anawajibika kwa nani.

Inafanyaje kazi bila mnara?

Simu ya mkononi haizungumzi moja kwa moja na simu nyingine. Huzungumza na mnara, mnara huzungumza na mitambo, na mitambo ndiyo imtafutayo yule unayemwita. Mnara ukizimika, simu hubaki kuwa tochi na saa. Redio ya ridhaa, kwa upande wake, huweza kutoka kwa msemaji hadi kwa msikilizaji bila mtu wa kati.

Ziko aina mbili ambazo yafaa tuzitambue. Ya kwanza ni redio ndogo ya mkononi itumiayo mawimbi yaendayo karibu sawasawa na mstari wa macho. Hiyo hufaa kati ya bohari na kituo cha afya, au kutoka kilima hadi kilima. Mlima ukiwa katikati, haifiki.

Ya pili ni redio ya mawimbi mafupi. Juu angani, kuanzia kama kilomita 60 na kuendelea, liko tabaka la hewa lililotiwa chembe za umeme na mwanga wa jua, liitwalo ionosfea. Mawimbi mafupi yakielekezwa juu huweza kurudishwa chini na tabaka hilo, mithili ya mpira uliorushwa darini. Waya wa antena ukifungwa chini chini, mita chache tu kutoka ardhini, mawimbi mengi hupanda karibu wima na kurudi katika eneo la mamia ya kilomita pande zote, yakivuka milima na mito. Aghalabu masafa ya megahazi 7 hufaa mchana, na ya megahazi 3.5 hufaa usiku, kwa kuwa tabaka lile hubadilika jua linapotua.

Vifaa vyake si vya kutisha. Redio ya wati 100 hutumia umeme wa volti 12, yaani betri ya gari. Inapopokea hula umeme kidogo sana; inapotuma hula hadi kama ampea 20, ila kwa muda ule tu msemaji anaposema. Betri moja nzuri, pamoja na paneli ya sola ya kuichaji, yatosha kwa siku nyingi endapo ujumbe ni mfupi. Antena ya megahazi 7 ni waya wa kama mita 20, uliokatwa katikati na kufungwa baina ya miti miwili.

Mifano miwili ya kweli

Mwezi Desemba 2004 mama mmoja wa India, Bharathi Prasad, alikuwa Port Blair katika visiwa vya Andaman pamoja na wenzake wa redio ya ridhaa. Walikwenda huko kwa ajili ya kuzungumza na wanaredio wa dunia nzima, kwani kwa miaka mingi visiwa hivyo havikuwa vimesikika hewani. Asubuhi ya tarehe 26 tetemeko la ardhi na mawimbi ya tsunami yaliikumba Bahari ya Hindi, na mawasiliano ya visiwa hivyo na bara yakavurugika vibaya. Redio iliyoletwa kwa burudani iligeuka kuwa redio ya dharura. Habari za waliopona na waliopotea zilipitia kwake, na mwenzake mmoja akaenda na chombo kingine hadi kisiwa cha Car Nicobar, mojawapo ya mahali palipoumia zaidi.

Mfano wa pili ni wa kisiwa cha Puerto Rico. Tarehe 20 Septemba 2017 Kimbunga Maria kiliangusha nguzo na minara hata zaidi ya asilimia 90 ya vituo vya simu za mkononi vikawa havifanyi kazi. Shirika la Msalaba Mwekundu la Marekani liliomba wanaredio wa ridhaa 50 kutoka chama chao kiitwacho American Radio Relay League. Waliokwenda walikuwa 22, nao walisaidia kupitisha ujumbe na habari za walionusurika.

Ndugu msomaji ataona kwamba mifano yote miwili inafanana katika jambo moja. Watu wale hawakujifunza siku ya maafa. Walikuwa wamekwisha kufanya mazoezi kwa miaka mingi, na siku ya dhiki walifanya yale yale waliyoyazoea.

Ujumbe ni kama stakabadhi

Sasa nafika kwenye kiini cha makala hii. Wanaredio wa ridhaa wa Marekani wana karatasi maalum ya kuandikia ujumbe. Juu yake huandikwa namba ya ujumbe, kiwango cha haraka yake, alama ya kituo ulikotoka, hesabu ya maneno, mahali, saa na tarehe. Chini huandikwa anwani ya mpelekewa, maneno yenyewe, na jina la aliyeutoa. Anayepokea huandika neno kwa neno, kisha huhesabu. Kama aliyetuma ametaja maneno 14 na mpokeaji ana 13, hasemi "nimepata" hata neno lililopotea lipatikane. Majina ya watu na mahali hutajwa herufi moja moja.

Nilipojifunza habari hii kwa mara ya kwanza nilikumbuka ule ujumbe wa maturubai, nikanyamaza kwa muda. Neno "dawa" lilianguka njiani, na hakuna aliyehesabu.

Wanaushirika wenzangu, hesabu hii si ngeni kwetu. Karani wa mizani hupima gunia, huandika kilo, hukata stakabadhi, na nakala yake hubaki kitabuni ili mkaguzi aje kulinganisha. Karani huyo huyo, akipewa karatasi ya ujumbe, amekwisha kuwa nusu mwanaredio. Kinachobaki ni kujifunza chombo.

Mipaka tunayopaswa kuijua

Kwanza, redio ya ridhaa si ya biashara. Hairuhusiwi kupitishia bei ya korosho, oda ya pembejeo wala malipo ya wakulima. Anayetaka redio ya kazi za chama aombe leseni ya aina hiyo, ambalo ni jambo lingine. Pili, si ya siri. Hairuhusiwi kuficha maana ya maneno, na kila mwenye redio aweza kusikiliza. Kwa hiyo habari za ugonjwa wa mtu zisemwe kwa staha. Tatu, ujumbe wa kwenda nchi za nje kwa niaba ya watu wengine huruhusiwa katika dharura na maafa. Kanuni hizo hizo za kimataifa zinazihimiza serikali ziwawezeshe wanaredio wa ridhaa kujiandaa mapema kwa huduma ya maafa. Nne, redio haileti lori wala haijengi daraja. Tena hewa haiko radhi kila saa; kama hakuna anayesikiliza upande wa pili, hata chombo cha thamani kubwa ni sanduku tu.

Tufanye nini?

Napendekeza mambo matano kwa Chama Kikuu na vyama vya msingi.

1. Chama Kikuu kichague vijana wawili au watatu, wanawake kwa wanaume, wenye moyo wa ufundi, wajifunze na kuomba leseni zao. Si lazima kila chama cha msingi kiwe na mtu wake mwaka wa kwanza.

2. Viwekwe vipindi vya kusikilizana vinavyojulikana na wote, mathalani saa 3 asubuhi na saa 10 jioni, pamoja na masafa ya kwanza na ya pili. Kamati za maafa za wilaya zipewe nakala.

3. Betri na sola za dharura ziandikwe katika daftari la mali, zikaguliwe kila mwezi, wala zisiazimwe kwa muziki wa harusi. Nimekagua mabohari mengi. Najua betri huenda wapi.

4. Kila bohari liwe na kitabu cha karatasi za ujumbe, pamoja na nakala. Hili laweza kuanza kesho bila redio yoyote. Ujumbe wa dharura uandikwe na uhesabiwe maneno, hata kama mchukuzi wake ni kijana wa baiskeli.

5. Yafanyike mazoezi mara moja kwa mwaka. Wanaredio wa Marekani wana siku zao za mazoezi ya uwandani mwezi Juni, zilizoanza mwaka 1933. Sisi tunayo Siku ya Ushirika Duniani, Jumamosi ya kwanza ya Julai. Pamoja na ngoma na hotuba, zitumike saa mbili kuzima simu zote na kupeleka ujumbe kumi kutoka vyama kumi, kisha tusomewe mkutanoni yale yaliyofika. Tutacheka, lakini tutajifunza.

Mwisho

Wahenga walisema akiba haiozi. Sisi wanaushirika tumeizoea methali hii katika fedha na chakula. Yatupasa tuizoee pia katika maneno. Siku mto utakapofurika na mnara kunyamaza, kilichobaki kitakuwa ni betri iliyochajiwa, waya baina ya miti miwili, na karani aliyezoea kuhesabu maneno. Hayo yote hupatikana wakati wa kiangazi. Wakati wa masika huwa tumekwisha kuchelewa.

Nami katika ziara zangu za ukaguzi za mwaka huu, baada ya leja na mizani, nitaomba pia kuonyeshwa kitabu cha ujumbe.