Je, Kumtesa Mfungwa Kunaleta Amani?

Alfajiri ya tarehe 24 Aprili, 1954, watu wa Nairobi waliamka wakakuta mji umezingirwa na askari. Jenerali George Erskine, mkuu wa majeshi ya Kiingereza katika Kenya, alikuwa ameamuru msako uliopewa jina la Anvil, yaani fuawe ya mhunzi. Waliotafutwa hasa walikuwa Wakikuyu, Waembu na Wameru. Mtu alitolewa chumbani mwake pamoja na kifurushi chake, akapitishwa mbele ya mtu mwingine aliyefunikwa gunia kichwani lenye matundu mawili ya macho. Gunia likitikisika, basi, mambo yake yamekwisha. Zaidi ya watu 20,000 walitiwa kizuizini, wengi wakipitia kambi ya Langata, ambayo haikuwa mbali na Kibera, kisha wakapelekwa Mackinnon Road na Manyani. Hawakuhukumiwa na hakimu yeyote.

Jambo hili ni la zamani, lakini swali lililozaliwa siku zile bado linaulizwa katika vijia vya Kibera na vibanda vya Kawangware: je, serikali ikimpiga mfungwa wake, na majeshi ya kigeni yakiingia katika nchi ya watu, vita hupungua au huongezeka?

Kibera yenyewe ni mtoto wa vita vya wageni. Wakazi wake wa kwanza walikuwa askari Wanubi, wenye asili ya Sudani, waliotumika katika jeshi la King's African Rifles na kupewa msitu ule wakae. Jina lake latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Kawangware, katika Dagoretti, ilikuwa nchi ya mashamba ya Wakikuyu nje ya mpaka wa mji, na vijana wake walikwenda kazini Nairobi asubuhi na kurudi jioni. Hivyo mahali pamoja palijengwa na wale waliobeba bunduki ya serikali, na pengine palikaa wale walioelekezewa bunduki hiyo.

Wale wasemao kwamba ukali huzima fujo wana ushahidi wao, na haifai kuuficha. Baada ya msako wa 1954 wapiganaji wa msituni walikosa fedha, risasi na dawa zilizokuwa zikitoka Nairobi. Dedan Kimathi alikamatwa tarehe 21 Oktoba, 1956, na tangu hapo vita vya msituni vilikuwa kama vimekwisha. Mtu akiyatazama haya tu, atasema fuawe ilifanya kazi yake.

Lakini na atazame pia ilikuwaje msitu ukajaa watu. Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba, 1952, na Jomo Kenyatta na wenzake wakakamatwa usiku ule ule. Viongozi wenye sauti ya kuwatuliza vijana wakawa wamefungwa. Wakati huo huo maelfu ya Wakikuyu waliokuwa wakilima katika mashamba ya Wazungu ya Bonde la Ufa walifukuzwa, wakarudi Kiambu, Murang'a na Nyeri bila shamba wala kazi. Ni baada ya hayo, si kabla yake, ndipo vikosi vya Nyandarua na Mlima Kenya vilipopata watu kwa wingi. Usiku wa tarehe 26 Machi, 1953, huko Lari, watu waliohesabiwa kuwa upande wa serikali waliuawa pamoja na wake zao na watoto wao, nyumba zikichomwa moto. Hakuna dhuluma ya awali iwezayo kulihalalisha tendo hilo. Na kisasi kilichofuata kiliua watu wengi zaidi ya wale waliouawa kwanza.

Kwa mkulima, jeraha la miaka ile halikuwa la viboko peke yake. Kuanzia 1954 watu zaidi ya milioni moja walihamishwa kwa nguvu wakatiwa katika vijiji vilivyozungukwa na mahandaki. Mashamba yakakusanywa na kupimwa upya hali wenyewe wengi wako kizuizini. Aliyetoka Manyani baada ya miaka minne au mitano aliweza kukuta mpaka wake umesogea, au hauko kabisa. Mtu wa namna hiyo hakuwa na pa kwenda ila mjini, akapange chumba kimoja mahali kama Kawangware. Mwenye kovu, husema wazee, usidhani kapoa.

Tarehe 3 Machi, 1959, katika kambi ya Hola, wafungwa 11 walipigwa na askari hata wakafa. Habari iliyotolewa kwanza ilisema walikufa kwa kunywa maji. Uongo huo uliivunjia serikali ya kikoloni heshima hata katika Bunge la London, na Hali ya Hatari ikafutwa Januari 1960. Miaka 54 baada ya Hola, tarehe 6 Juni, 2013, serikali ya Uingereza ilisema katika Bunge lake kwamba inasikitika, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228 walioteswa. Ukigawa hesabu hiyo, kila mmoja hapati hata pauni 4,000.

Sasa tuvuke mpaka twende Somalia. Desemba 2006 majeshi ya Ethiopia yaliingia Mogadishu na kuziondoa Mahakama za Kiislamu. Al-Shabaab lilikuwa tawi dogo la Mahakama hizo. Ethiopia ilipoondoka mapema mwaka 2009, tawi lile lilikuwa limekwisha kuwa jeshi, maana lilipata la kuwaambia vijana: mgeni yuko nyumbani kwenu. Kenya nayo ilipeleka majeshi Oktoba 2011. Yakafuata Westgate, Septemba 2013, watu 67 wakauawa. Na Chuo Kikuu cha Garissa, tarehe 2 Aprili, 2015, ambako walikufa watu 148, wengi wao wanafunzi.

Hata hivyo mwenye kupima kwa mizani ya haki hatasema kwamba majeshi ya kigeni ndiyo sababu ya yote. Tarehe 7 Agosti, 1998, watu zaidi ya 200 waliuawa katikati ya Nairobi kwa bomu lililotegwa kwa ubalozi wa Marekani, na wakati huo hapakuwa na askari hata mmoja wa Kenya vitani Somalia. Tena wanaouawa zaidi na Al-Shabaab ni Wasomali wenyewe, Waislamu wenzao: Mogadishu, Oktoba 2017, gari moja la mabomu liliua mamia ya watu sokoni na barabarani. Wala umaskini peke yake hautoshi kuwa sababu. Mmoja wa wauaji wa Garissa alikuwa amehitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi, naye ni mwana wa chifu. Vijana wa Kibera wasio na kazi ni maelfu, nao walio wengi mno hawajapata hata kufikiri kumwua mtu.

Lakini kuna hesabu moja isiyofaa kupuuzwa. Mwaka 2017 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa lilitoa habari za uchunguzi wake kwa watu waliopata kuingia katika makundi ya namna hii katika Afrika. Miongoni mwa waliojiunga kwa hiari, asilimia 71 walisema jambo lililowasukuma hatua ya mwisho lilikuwa tendo la serikali, kama vile kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki. Kinyongo chaweza kukaa kifuani miaka mingi bila kumdhuru mtu. Kipigo ndicho hukiwasha.

Aprili 2014, baada ya milipuko ya Eastleigh, polisi waliwakamata maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Mauaji hayakukoma. Juni mwaka ule ilikuwa Mpeketoni, Novemba ikawa basi la Mandera. Hakuna awezaye kuapa kwamba Kasarani ndiyo iliyozaa Mpeketoni, lakini hata mwenye kuutetea msako ule hawezi kudai kwamba uliwazuia wauaji.

Katiba ya 2010 inakataza mateso bila kuacha mwanya wowote, na yataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita. Maneno hayo hupimwa uzito wake katika mlango wa mama mmoja wa Makina, Kibera. Mwanawe ameanza kulala nje, ana fedha zisizojulikana zitokako, na rafiki zake wapya hawasalimii. Mama anajua njia ya kwenda kwa chifu. Akiamini kwamba mwanawe atahojiwa, atashtakiwa kama ana kosa, na siku moja atarudi, atakwenda kusema. Akiamini kwamba atamwona tena katika chumba cha maiti, atanyamaza, na usiku atamkopea kijana nauli ya basi aende mbali.