Video ya masomo inakulaza? Shida si bando, ni kwamba hakuna anayekuuliza kitu

Si uongo, hii ishakupata. Kesho kuna CAT, umenunua bando ya usiku, umefungua video ya takwimu na lec anaongea pole pole. Dakika ya saba macho iko kwa skrini lakini akili ishafika kwa ile ploti ya wikendi. Ukikuja kushtuka, jamaa anasema "kama tulivyoona," na wewe hujaona kitu. Unarudisha nyuma, bando inaisha, sup inakungoja.

Kuna watafiti wa Harvard, Marekani, walicheki hii maneno mwaka wa 2013: Karl Szpunar, Novall Khan na Daniel Schacter. Walichukua somo la video la takwimu, dakika 21 hivi, wakalikata vipande vinne. Kundi moja lilijibu maswali ya somo baada ya kila kipande. Lingine lilipewa hesabu za kawaida tu, zisizohusu somo. Wakaulizwa: saa hii akili iko hapa ama imezurura? Wasee wa hesabu walikuwa wamezurura karibu mara 40 kwa kila 100. Wale wa maswali, kama nusu ya hiyo. Tena waliandika noti mob zaidi na mtihani wa mwisho wakauchapa.

Kwa hivyo si mapumziko ndio yalisaidia, maanake wote walipumzika. Na sikia hii: kuna kundi lilionyeshwa maswali yaleyale pamoja na majibu yake. Wapi! Akili zilizurura tu. Lazima jibu litoke kwa kichwa yako mwenyewe. Hiyo tabia ya kusoma "marking scheme" ukitingisha kichwa eti "hii naijua" inakudanganya, buda.

Maticha wengine hutumia programu kama Edpuzzle, ambapo swali linatokea katikati na video inasimama mpaka ujibu. Yako haina? Simamisha mwenyewe kila dakika tano, lalia simu kifudifudi, andika mambo matatu umeshika bila kuchungulia. Inaboo, lakini ni fupi kuliko kurudia video nzima.

Na kama wewe ndio unarekodi, labda unasaidia kasa wako wa Form Four kwa WhatsApp, tafadhali usiulize "mmeelewa?" Sote tulipitia hiyo darasa, jibu ni "ndiooo" hata na mwenye amelala. Usiulize pia "osmosis ni nini," atakuimbia tu vile alikariri. Uliza hivi: kipande cha kiazi kikikaa kwa maji ya chumvi nyingi, kitakuwa kigumu ama kitalegea, na kwa nini? Liweke hapo hapo baada ya ile sehemu ngumu, si mwisho wa video akiwa ashatoka. Halafu nyamaza kidogo. Jibu likitokea kwa skrini baada ya sekunde mbili, ataliingojea tu.