Kompyuta ikigoma, usiitukane: iripoti!

Kuna usiku mmoja ambao sitausahau. Ilikuwa Alhamisi, saa nne na nusu. Mezani nilikuwa na laptop, chai iliyopoa na kazi ya watu: kadi 150 za send-off, ambazo mama mmoja wa Sinza angezifuata Ijumaa saa nne asubuhi. Advansi nilishaila zamani.

Laptop yangu inatumia Linux, ule mfumo wa bure ambao kiini chake kilianzishwa na kijana wa Kifini, Linus Torvalds, mwaka 1991. Jioni ile iliniomba ruhusa ya kuweka mabadiliko mapya. Nikakubali bila kusoma, si unajua tena. Ikajizima, ikawaka, halafu kioo kikawa cheusi tii. Nikabonyeza kila kitufe. Wapi!

Kijasho chembamba kikanitoka. Nikampigia simu fundi mmoja, rafiki yangu wa siku nyingi. Hakuuliza hata imeanzaje. "Ilete kesho tupige fomati, tukuwekee Windows. Elfu thelathini tu." Fomati! Humo ndani zilikuwemo kadi za watu, na picha za marehemu baba ambazo mwenzenu, kwa uzembe wangu, sikuwa na nakala yake popote.

Kwa hasira nikachukua simu nikawaandikia watengenezaji: "Linux yenu mbovu! Imeniharibia kazi!" Nikajiona nimewapa vidonge vyao.

Baada ya kama nusu saa jibu likaja, la upole mpaka nikaona aibu. Mtu mwenyewe simjui, na wala simlipi senti tano. Aliuliza maswali tu: Unatumia toleo gani? Ulifanya nini kabla ya tatizo? Ulitegemea nini kitokee, na kimetokea nini? Ukiwasha kwa kerneli ya zamani, hali ni ileile?

Kerneli ndiyo moyo wa Linux. Ndiyo inayoongea na kioo, kibodi na diski. Kumbe ukiweka mpya, kwa kawaida ile ya nyuma haitupwi! Niliwasha mashine huku nikibonyeza Esc, ikatokea orodha, nikachagua kerneli ya zamani. Mkono unatetemeka. Kioo kikawaka! Kitu cha kwanza kukifanya, kabla hata ya kadi, ni kumhamishia baba yangu kwenye flash.

Hapo ndipo akili ilinikaa sawa. Ya zamani inawaka, mpya haiwaki: basi kosa liko kwenye ile mpya. Dakika tano za kujaribu zimenionyesha ugonjwa ulipo, wakati fomati ingefuta picha na ushahidi kwa pamoja.

Jamani, kuripoti hitilafu ni sawa na kwenda kwa daktari. Ukimwambia "naumwa" ukanyamaza, atakupa panado. Ukimwambia tumbo linauma upande wa kulia, tangu jana, kila ukila, hapo ana pa kuanzia.

Na usidharau unachokiona, hata kikichekesha. Mwaka 2009 mtumiaji mmoja wa Ubuntu aliandika kuwa mkewe analalamika: OpenOffice haichapi siku za Jumanne. Nani angekubali? Wewe mwenyewe ungecheka! Lakini mama yule alimwonyesha, na kweli Jumanne mashine iligoma, huku programu nyingine zikichapa kama kawaida.

Walipochimba, wakamkuta mchawi. Kuna programu ndogo iitwayo file, kazi yake kutambua aina ya faili. Faili la kuchapa hubeba tarehe, na Jumanne kwa Kiingereza hufupishwa Tue. Kwa kosa la uandishi kwenye kanuni zake, file ilikuwa ikiziona herufi hizo tatu mahali fulani, inadhani hilo ni faili la lugha ya kompyuta iitwayo Erlang. Printa nayo ikawa haipelekewi kitu. Mke wa mtu alikuwa sahihi kuliko mafundi wote!

Sasa wewe unayetumia Linux, ikigoma fanya hivi. Kwanza rudia kosa, uone kama linatokea kila mara au kwa bahati. Pili, fungua terminali uandike journalctl -b -1. Utaletewa kumbukumbu za mara ya mwisho mashine ilipowaka kabla ya sasa, kama imezihifadhi. Tatu, tafuta kama kuna aliyekwisha kuripoti jambo hilo, umwongezee ushahidi badala ya kuanzisha lako. Nne, ripoti moja, kosa moja. Na kabla ya kutuma kumbukumbu hizo pitia kwanza, zisije zikabeba jina au siri yako.

Matusi weka pembeni. Wengi wanaosoma taarifa hizo wanajitolea, nao wana usiku wao na chai yao.

Mimi niliandika upya, safari hii kwa adabu: toleo, aina ya mashine, nilichofanya, kilichotokea, na kwamba kerneli ya zamani inafanya kazi. Wakaniomba nijaribu kerneli ya majaribio, nikajaribu, nikawapa jibu. Wiki chache baadaye marekebisho yakaja. Nikawasha, kioo kikawaka chenyewe bila Esc wala dua. Nikajisikia kama nimeitengeneza mimi, na kwa namna fulani ndiyo.

Na kadi? Mama wa Sinza alizikuta zimefungwa vizuri kwenye boksi. Alichouliza ni kitu kimoja tu: "Mwanangu, mbona macho mekundu hivyo, ulikuwa disko?"

Nikacheka tu. Ningeanzia wapi?